Hakuna Aliyezaliwa Akijua Kucheza

Mwezi Juni 2022 nilikuwa London kwa shughuli za kitaaluma, na jioni moja nikabahatika kuingia katika ukumbi wa Sadler's Wells kutazama dansi iitwayo kwa Kifaransa Le Sacre du printemps, ambayo mimi naiita kafara ya majira ya machipuko. Muziki wake ni wa Mrusi Igor Stravinsky. Mtunzi wa dansi yenyewe ni Mjerumani, marehemu Pina Bausch, aliyeionyesha kwa mara ya kwanza katika mji wa Wuppertal mwezi Desemba 1975. Lakini walioicheza jioni ile hawakuwa Warusi wala Wajerumani. Walikuwa vijana 38 kutoka nchi 14 za bara letu, waliofanyia mazoezi yao katika École des Sables, shule ya dansi iliyoko Toubab Dialaw, pwani ya Senegal.

Mimi ni mwalimu wa siasa, si mhakiki wa sanaa, na wanaonisoma hapa wamezoea kuniona nikigombana na bajeti na katiba. Watakaodhani leo nimepotea njia nawaomba wavumilie kidogo. Nilichokiona jukwaani ni dansi. Nilichokisikia nje ya jukwaa, mara tu taa zilipowashwa, ni siasa tupu, na ni siasa ambayo sisi wenyewe tumeilea nyumbani.

Onesho lilitanguliwa na kipande kifupi cha wanawake wawili waliokwisha kupita miaka 70: Germaine Acogny, mwanzilishi wa shule ile ya Senegal, na Malou Airaudo, Mfaransa aliyecheza kwa miaka mingi na Bausch. Walikaa, wakainuka, wakaegemeana. Sitasema mengi juu yake, maana kilikuwa cha utulivu, nami nilikuwa na haraka ya kile kilichofuata.

Kisha yakaja mapumziko, na pazia halikufungwa. Waliotoka kwenda kunywa walikosa nusu ya utamu. Wafanyakazi wa jukwaa waliingia na makontena makubwa, wakatandaza, wakamwaga udongo mweusi wa mboji, wakausawazisha kwa reki kutoka ukuta hadi ukuta, bila pupa, kama watu wanaoandaa kitalu. Harufu ilipanda hadi nilipoketi. Katika ukumbi wa viti vya mahameli, katikati ya jiji lile, kulikuwa na harufu ya shamba lililolimwa jana.

Juu ya udongo huo mwanamke mmoja alikuwa amelala kifudifudi, chini yake nguo nyekundu. Muziki ukaanza kwa sauti ya ala moja peke yake, basuni, ambayo mwanzi wake ni pacha kama wa nzumari yetu ya pwani, na katika sauti ile ya juu hata sauti zake hukaribiana. Wanawake wakaongezeka, wamevaa vijiguo vyepesi vya rangi hafifu. Wanaume wakaja, vifua wazi, suruali nyeusi. Hadithi ni nyepesi kuisimulia na ngumu kuitazama. Jamii inataka msichana mmoja wa kutoa kafara. Nguo nyekundu inapita mkononi mwa huyu, inamfikia yule, kila anayeishika anaitupa kana kwamba imemchoma. Wanajikunyata pamoja kama kuku waliomwona mwewe. Kila mmoja anasogea hatua mbili mbele kumkabili mwanamume aliyesimama kuchagua, kisha anarudi nyuma kukimbilia kundi. Wewe uliyeketi kitini unaanza kuwahesabu, unaanza kuomba moyoni asiwe yule mrefu, asiwe yule mdogo wa pembeni. Na ghafla unatambua kwamba ukiomba asiwe huyu umekubali awe mwingine. Hapo ndipo Bausch anapokunasa. Anapopatikana, anavikwa ile nguo, na anacheza peke yake hadi anaanguka, huku wenzake wakimtazama.

Dakika kama 35 tu. Udongo ulikuwa umeshika kwenye majasho, kwenye mapaja, kwenye meno. Tuliwasikia wakihema.

Nilipotoka, bwana mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi karibu nami alinigeukia, macho yakiwa yamemlowa, akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba haikumshangaza kuona vile, kwani sisi watu wa Afrika tumezaliwa nayo dansi. Inatoka ardhini, alisema. Nami nikamwambia ahsante. Nimeijutia ahsante hiyo tangu siku ile hadi leo, na makala haya ni njia yangu ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Tuangalie alichokuwa anakisifu. Ipo sehemu katika muziki huo, mara mteule anapokwisha kupatikana, ambapo ngoma na nyuzi hupiga mapigo 11 mfululizo kwa nguvu ileile, pasipo pumzi. Baada yake vipimo hubadilika kila mara. Mguu ukitangulia nukta moja, umewaharibu wenzako 37. Hakuna mtoto aliyezaliwa Afrika akijua kuhesabu vipimo hivyo, kama ambavyo hakuna aliyezaliwa Wuppertal akivijua. Wengine katika kundi lile walikulia katika ngoma za kwao, wengine katika dansi za mitaani, wengine katika baleti. Walikaa pamoja, wakafundishwa na wachezaji wa zamani wa Bausch, wakarudia hadi vifundo vya miguu vikavimba. Hiyo inaitwa kazi. Mzungu anayecheza dansi ileile husifiwa kwa nidhamu na kipaji. Sisi husifiwa kwa damu yetu, kana kwamba damu ndiyo iliyokwenda mazoezini.

Inachekesha zaidi ukikumbuka kwamba dansi yenyewe tangu mwanzo ilikuwa mchezo wa Wazungu kujibunia ushenzi wa mababu. Ilipoonyeshwa Paris tarehe 29 Mei 1913, kwa utunzi wa Vaslav Nijinsky, ilikuwa picha ya Urusi ya kipagani iliyobuniwa na Warusi wasomi kwa ajili ya Wafaransa matajiri, nao wakapigiana kelele ukumbini. Utunzi ule wa Nijinsky ulichezwa mara chache ukapotea. Watafiti walihangaika miaka mingi wakikusanya michoro, barua na kumbukumbu za wazee, hadi ukasimamishwa upya nchini Marekani mwaka 1987. Hakuna aliyesema Warusi wanao damuni, tusubiri wazaliwe wengine.

Hata hivyo sikuandika ili nimsute bwana yule. Yeye alitamka mara moja, jioni moja, akaenda zake kupanda treni. Sisi tunalitamka neno hilohilo kila siku, na tumelifanya kuwa sera. Neno lenyewe ni "asili".

Tunasema ngoma za asili. Nalikubali neno hili kwa maana ya chimbuko, mahali jambo lilipotoka. Lakini lugha yetu imelipa neno hili maana ya pili, ile ya maumbile, ya kitu kinachoota chenyewe kama majani, na maana hiyo ya pili imeimeza ya kwanza. Cha asili hakifundishwi. Cha asili hakina gharama. Cha asili kipo tu, ukikihitaji unatuma gari kwenda kukichukua kijijini. Ndiyo maana mgeni mkubwa anaposhuka uwanja wa ndege, rubani analipwa, dereva wa msafara analipwa, mpiga picha analipwa, aliyetandika zulia analipwa, na wale akina mama wanaocheza tangu saa moja asubuhi juani wanapewa fulana na soda. Ukiuliza, utajibiwa kwa mshangao wa kweli: kwani si ngoma zao za asili?

Historia nayo inalikana neno hili. Wasukuma wanajua kwamba Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya wachezaji vyenye waasisi wanaojulikana, wafuasi, dawa, mbinu na ushindani wa zaidi ya karne moja. Mtu alijifunza, akashindana, akashindwa, akarudi kujifunza. Beni ya pwani iliiga bendi na gwaride la wakoloni, ikawa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ikaenea bara nzima hadi ikazaa ndugu zake kama mganda wa kusini, wenye sare na hatua za kijeshi. Leo tunaviita vyote asili, tukiwa tumesahau kwamba babu zetu walivitazama vitu vya wageni, wakavichambua, wakavigeuza vyao kwa akili na jasho. Halafu anakuja mtu kuniambia kwamba vijana wa Dakar wasicheze baleti kwa sababu si yetu! Mwaka 1914 angewakataza mababu zake tarumbeta.

Niruhusiwe kusimulia jambo moja la zamani, maana ndilo lililonifanya nishindwe kulala usiku ule wa London.

Nilipokuwa kidato cha tatu, shuleni kwetu kulikuwa na msichana aliyecheza kuliko sote. Kila alipotarajiwa mgeni, na wageni hawakuisha, mwalimu wa zamu alipita kwenye mistari ya asubuhi akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Sisi wengine tulijikunja tusionekane, si kwa kuogopa kucheza bali kwa kuogopa jua, njaa na vipindi vitakavyotupita. Kidole hakikumkosa yeye hata siku moja. Lilikuwapo vazi moja zuri la kiongozi wa ngoma, lililofungiwa kabatini ofisini, na alipoitwa kwenda kulichukua tulishusha pumzi. Lilikuwa la buluu, si jekundu. Sitaki kuipamba hadithi. Alikosa hesabu wiki nzima za mazoezi, akakosa fizikia, akakosa mitihani ya majaribio kwa sababu mkuu fulani alichelewa kwa siku mbili. Alipoanza kufeli, walimu walisema pasipo ubaya wowote kwamba huyu si wa darasani, huyu ni wa ngoma. Na ngoma nayo haikuwa na darasa. Hakufundishwa, hakulipwa, hakupelekwa popote kuendelezwa. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuja na sifuri.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye kwenye kituo cha mabasi. Aliniita Mwalimu, nami nikaona aibu. Tulizungumza habari za watoto. Ana mabinti wawili, na aliniambia kwamba alipoandikisha yule wa kwanza shule alikwenda kwa mwalimu mkuu kumwomba jambo moja tu, mtoto asiingizwe kwenye kikundi cha ngoma.

Kwa hiyo nilipoiona ile nguo nyekundu ikipita mkono kwa mkono, sikuhitaji kijitabu cha maelezo. Nilikuwa ninaujua uso wa wale wanaoachwa. Nilikuwa mmoja wao.

Najua pingamizi zitakazonijia, kwa kuwa moja imekwisha kufika. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, niliyemtumia picha ya jukwaa, alinijibu: "Ndugu, umelipa fedha za kigeni kwenda kutazama watu nusu uchi wakigaragara matopeni?" Ni kweli mteule anapocheza peke yake kamba ya nguo humwanguka begani na titi huwa wazi. Namwuliza rafiki yangu alikuwa anatazama wapi muda wote huo. Msichana anauawa na jamii yake hadharani, naye amechukizwa na kamba ya bega! Tunazo jamii nyingi za namna hiyo, na nyingine zina mabaraza ya maadili.

Pingamizi la pili ni zito, nami sina jibu lililonyooka. Haki za dansi ile zinashikwa na wakfu wa Pina Bausch huko Ujerumani. Ukumbi wa London ulikuwa mshirika wa mradi. Onesho la kwanza lilikuwa limepangwa kufanyika Dakar mwezi Machi 2020. Korona ikafunga kumbi siku chache kabla, mazoezi ya mwisho yakapigwa filamu ufukweni, juu ya mchanga badala ya udongo, kisha safari ikaanzia Ulaya. Je, si ukoloni huo, Ulaya kununua miili ya vijana wetu ili iupe uhai mpya utunzi wake wa mwaka 1975? Labda kwa kiasi fulani ni hivyo. Nilikuwa nimeketi pale nikijiuliza kwa nini mimi wa Afrika Mashariki nimelazimika kuomba viza, na kulipa ada isiyorudishwa hata ukinyimwa, ili nikawaone majirani zangu wakicheza. Swali hilo liliniuma. Lakini kila nilipolifuata lilinirudisha huku.

Hebu tuitazame Wuppertal. Ni mji wa watu wapatao 350,000, mdogo kuliko wilaya zetu nyingi, mji wa viwanda usio na uzuri wa kuzungumziwa. Mwaka 1973 Bausch alikabidhiwa kikundi cha baleti cha mji huo. Watazamaji wa mwanzo walimchukia. Walitoka katikati ya maonesho wakibamiza milango. Mji uliendelea kulipa. Ulilipa mishahara ya wachezaji, ukalipa mafundi, ukalipa wa kuwasha taa, mwaka baada ya mwaka, hadi Bausch alipofariki mwaka 2009 na hata baada yake. Dansi zikarekodiwa, zikaandikwa, zikatunzwa, wazee waliozicheza wakawekwa karibu ili wazifundishe kwa vijana. Ndiyo sababu mwaka 2020 kulikuwa na kitu cha kupeleka Senegal.

Senegal nayo ilijaribu. Mwaka 1977 Rais Léopold Sédar Senghor na mtunzi wa baleti Maurice Béjart walianzisha Dakar shule ya Mudra Afrique, mkurugenzi wake akiwa Germaine Acogny. Senghor aliondoka madarakani mwishoni mwa 1980. Shule ikafungwa mwaka 1982, fedha zimekwisha. Acogny, pamoja na mumewe, alianza upya mwenyewe, na mwaka 1998 akaanzisha École des Sables. Mwaka 2021 Venice walimtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Ningependa kujua ni mawaziri wangapi wa utamaduni wa ukanda wetu wanaolitambua jina lake.

Na kwetu? Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais wa Jamhuri, alilalamika kwamba mkoloni alitufundisha dansi zake hadi wengi wetu tukashindwa kucheza za kwetu, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kikundi cha taifa cha ngoma kikafuata. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi, na ningekuwa mwongo nikisema hakikutoa wasanii hodari. Lakini hotuba ile ilieleweka nusu. Tulichukua sehemu ya fahari, tukaacha sehemu ya kujifunza. Tukaipandisha ngoma kwenye jukwaa la mkutano wa hadhara na kuikalisha hapo, kabla ya hotuba na baada ya dua. Majirani zetu wa Kenya walijenga Bomas kwa ajili ya ngoma. Taifa zima hulikumbuka jengo hilo wakati wa kujumlisha kura, na mwaka 2022 lililikumbuka tena.

Kuna watakaosema hospitali hazina dawa nami nadai majukwaa. Hoja hii ningeiheshimu kama ingetolewa na watu wasiotumia wachezaji. Inatolewa na walewale ambao hawawezi kuzindua kisima bila ngoma. Hitaji lao la dansi ni kubwa kuliko langu; tunatofautiana kwenye malipo tu.

Juma la pili baada ya kurejea nyumbani, nilikuta mezani kwangu barua kutoka ofisi moja ya umma. Inaomba chuo kitoe wanafunzi 40 "wenye vipaji vya asili" watumbuize katika mapokezi ya mgeni rasmi. Wafike saa 12:30 asubuhi. Mgeni atawasili "kuanzia saa 4:00". Fungu la vinywaji limetengwa.

Nilijibu siku hiyohiyo, kwa heshima zote zinazostahili. Niliuliza mambo manne: kila mchezaji atalipwa kiasi gani, nani atamlipa mwalimu wa mazoezi na kwa siku ngapi, chumba cha kubadilishia nguo na choo viko wapi, na mgeni akichelewa zaidi ya saa moja, malipo ya nyongeza yatakuwa kiasi gani. Niliambatanisha ratiba ya mitihani.

Leo ni siku ya tisa na barua yangu haijajibiwa. Nimesikia kwamba wamekwisha kupata shule ya msingi iliyo karibu na uwanja.